Nataka kukata dirisha kwenye mlango wa ubavuni wa tela la mizigo. Waliowahi kufanya, karibuni

Mkwavi_Iowa (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Des Moines, Iowa. Nina tela la mizigo la boksi, futi 6 kwa 12, lile lenye pua ya V. Nalibebea vifaa vya kupaka rangi, na kazi ikiwa mbali, tuseme Omaha au Kansas City, mimi na jamaa yangu tunalala humo humo badala ya kumtajirisha mwenye moteli. Feni ya paa nimeshaweka kwenye lile tundu la kawaida la inchi 14 kwa 14, hewa siyo mbaya. Shida ni giza. Saa saba mchana ukifunga mlango unatafuta brashi kwa kupapasa.

Nawaza kuweka dirisha kwenye mlango wa ubavuni. Mlango una upana wa inchi 32, nje bati la alumini, ndani plaiwudi nyembamba, ukigonga katikati unasikia kabisa ni uwazi. Dukani nimeona dirisha la inchi 15 kwa 22, fremu ya alumini, kipande kimoja kinateleza na lina wavu wa mbu.

Wasiwasi wangu ni mlango kulegea na maji kuingia. Je, nikate mlangoni au ukutani? Na kama ni mlangoni, nianzie wapi?

---

Bati_Geji30

Karibu kwenye chama cha watoboa matela, mkuu.

Kwanza, mlango wako una unene gani? Usikisie. Ufungue, chukua rula, pima kuanzia bati la nje mpaka plaiwudi ya ndani, ile raba ya pembeni usiihesabu. Haya madirisha huja vipande viwili: fremu yenye kioo inayoingia kutokea nje, na ringi inayokaa ndani. Skrubu zinapita kwenye ringi na kuivuta fremu, ukuta unabanwa katikati. Kila dirisha limeandikwa linabana unene gani. La inchi moja na nusu ukilipachika kwenye mlango wa inchi moja, skrubu zitafika mwisho na fremu bado inacheza.

Ukuta au mlango? Ukutani kuna nguzo za chuma kila inchi 16 au kila inchi 24, inategemea aliyelitengeneza. Kwenye za 24 dirisha lako linaingia bila kugusa chuma. Kwenye za 16 halipiti, maana ukitoa unene wa nguzo yenyewe unabakiwa na inchi 14 na kitu, na mimi sikushauri ukate nguzo. Mlangoni katikati mara nyingi hakuna kitu, kwa hiyo kukata ni rahisi zaidi. Ila ukuta haubamizwi kila asubuhi. Mlango unabamizwa. Hapo ndipo kazi ya mlangoni inapotaka utulivu kuliko ya ukutani, ingawa watu wengi hudhani ni kinyume chake.

---

Fundi_Tandale

Hapa Dar makontena ya maduka tunayakata madirisha kila leo. Grainda, diski ya chuma, unachomelea fremu ya skwea paipu, unapiga redi oksaidi, mteja analeta hela. Nyie wa majuu mbona mnapenda kuzungusha mambo?

---

Bati_Geji30

Heshima yako fundi, lakini kontena ni chuma chenye mikunjo, kinajibeba chenyewe, ukikitoboa kinakutazama tu. Bati la mlango wa tela kama hili mara nyingi ni alumini ya inchi 0.03, yaani milimita 0.76. Ukilipelekea grainda, diski inajaa alumini, inaacha kukata inaanza kusugua, rangi inaungua na bati linapanda mawimbi. Na hapo hakuna cha kuchomelea, umezungukwa na mbao na povu la kuzuia joto. Utapiga moto tela la mtu.

---

Fundi_Tandale

Milimita 0.76 na mnalala humo? Haya, nimekaa pembeni nijifunze.

---

mama_saluni_TX

Habari zenu jamani. Mimi niko Houston, tela letu ni saluni ya kuhamahama na dirisha la mlangoni tunalo, kwa hiyo si mgeni wa jambo hili.

Mleta uzi, wenzangu wamekimbilia unene wa bati, mimi nimekwama pale uliposema MNALALA humo. Mlango wako una lile komeo la nje, fimbo ya chuma inayosukumwa mpaka ilale kwenye kishikio na kutiwa kufuli? Matela mengi ya mizigo yanalo. Kitasa cha kawaida unakifungua hata ukiwa ndani. Lile komeo, ukiwa ndani hulifikii. Na mlango mkubwa wa nyuma nao makomeo yake yako nje. Maana yake huo mlango wa ubavuni ndiyo njia yenu pekee, na mtu yeyote anayepita anaweza kuifunga kwa kidole.

Mtoto wa dada yangu alinifanyia hivyo mchana kweupe, anacheza tu, akasukuma fimbo akaenda zake. Nilikuwa na simu nikampigia mama yake. Ukiwa na jiko la gesi humo ndani na moto umeshika, simu haikusaidii.

Kwa hiyo kabla ya dirisha, amua la komeo. Mwanga unaweza kusubiri.

---

Mkwavi_Iowa

Dada umenitisha na una haki. Komeo hilo ninalo. Sikuwahi kuliangalia kwa jicho hilo, kwangu lilikuwa la kuzuia wezi wa mashine za rangi.

Sasa dirisha si litakuwa njia ya kutokea?

---

mama_saluni_TX

La inchi 15 kwa 22? Tena la kuteleza, maana yake linafunguka nusu tu. Labda atoke paka. Matela ya kulala yanayotoka kiwandani yana dirisha maalum la dharura, kubwa, lenye vishikio vyekundu, unavuta kioo kizima kinasukumika nje. Hilo ndilo dirisha la kutokea, na linataka ukuta, mlangoni kwako halienei.

Kinachoweza kutoka kwenye dirisha lako ni mkono.

---

Msee_wa_Duluth

Mkono ukitoka pia unaingia, hiyo ndiyo shida. Mwizi anavunja kioo, anaingiza mkono, anazungusha kitasa, ameenda na vitu zako zote. Huku Minnesota site za ujenzi wanaiba vibaya sana. Mimi ningeweka grill ya nondo hapo ndani, welding ndogo tu, umemaliza hiyo maneno.

---

mama_saluni_TX

Ndugu yangu nondo tumezizoea nyumbani, najua, dirisha bila nondo tunaliona liko uchi. Lakini hapa watu wamelala ndani ya boksi lenye mlango mmoja. Unawazibia hata ule upenyo wa mkono.

---

Bati_Geji30

Wote mko sawa, na jibu liko kwenye urefu dirisha litakapokaa. Kitasa cha mlango wa tela huwa kiko katikati ya mlango au chini kidogo ya hapo. Dirisha likae juu, ukingo wake wa chini usawa wa kifua, na lisogee upande wa bawaba kadiri fremu inavyoruhusu. Kabla hujakata kitu, bandika mlangoni kwa ndani kipande cha boksi chenye ukubwa wa dirisha, weka kwapa kwenye ukingo wake wa chini, nyoosha mkono kuelekea kitasa: ukikigusa, pandisha. Mwizi akivunja kioo atapata upepo.

Na komeo la fimbo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuling'oa na kuweka kitasa cha pili kinachokaza, chenye ufunguo nje na cha kuzungusha kwa vidole ndani. Ya pili, kwa mwenye vifaa vya thamani kama wewe, ni kuliacha, lakini usiku wa kulala unalitia kufuli likiwa LIMEFUNGULIWA. Yaani fimbo imerudi nyuma, kufuli linapita kwenye tundu lake, hakuna anayeweza kuisukuma. Unafunga kufuli kisha ndiyo unaingia kulala. Jaribu kwanza kama komeo lako lina tundu la kukubali hivyo. Mengine hayana, unatoboa.

Mimi ningefanya ya kwanza. Usiku mtu amechoka, kuna siku atasahau.

---

Mkwavi_Iowa

Naenda na ya kwanza. Mchana wa kazi tela naliegesha ninapoliona, sitalimisi komeo.

Nimepima: mlango una inchi moja kasoro kidogo. Dirisha linataka inchi moja na robo mpaka moja na nusu. Niagize jingine?

---

Bati_Geji30

Unaweza kuagiza ringi ya unene mwingine, wauzaji wengi wanazo. Au unanenepesha mlango kwa ndani: unakata fremu ya mbao au plaiwudi ya nusu inchi, unaizungushia tundu kwa ndani, unaipaka rangi, inakuwa urembo. Mimi hupenda hii ya pili, kwa sababu ringi inapata mbao ya kukalia badala ya ile plaiwudi ya karatasi.

Sasa niieleze kazi yenyewe, nina nafasi leo.

Chukua sumaku, hata ya friji, uitembeze mlangoni kote. Alumini haishiki, chuma kinashika. Itakuonyesha bomba za chuma zinapopita ndani ya mlango, na kila iliponasa weka alama ya penseli. Dirisha likae mbali na hizo alama, usijibane. Kisha funga mlango, ufungue mpaka ugonge ukuta wa tela kwenye ile klipu inayoushikilia. Fremu ya dirisha inatokeza nje kidogo. Angalia isije ikatua kwenye taa ya pembeni au kwenye klipu yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, lile dirisha linalosukumwa nje kwa chini usinunue kwa ajili ya mlango. Siku moja utasahau liko wazi, utaufungua mlango mpaka mwisho, na kioo kitakutana na ukuta.

Kiolezo usichore kwa kufuata ringi wala ukingo wa nje wa fremu, vyote ni vikubwa kuliko tundu. Pima ile sehemu ya fremu inayozama, ongeza upenyo mdogo, kata kwenye boksi gumu, pachika dirisha kwenye boksi kwanza. Likiingia vizuri bila kusukumwa, hicho ndicho kiolezo. Kifaa cha pima maji ukitumie, lakini tela likiwa limesimama sawa. Kama limeegemea jeki, fuata ukingo wa mlango, maana macho ya watu yatalinganisha dirisha na mlango, siyo na dunia.

Bandika maskingi tepu upana wa viganja viwili kuzunguka mstari, na nyingine chini ya jigiso (ule msumeno mdogo wa umeme), ule unyayo wake unakwaruza rangi kuliko msumeno wenyewe. Toboa kona nne kwa drili, msumeno wa chuma meno 24 kwa inchi, mwendo wa polepole. Alumini inapenda kunata kwenye meno, sugua msumeno kwenye mshumaa mara kwa mara. Bati likate kutokea nje, plaiwudi kutokea ndani ukifuata matundu ya kona. Ukikaribia kumaliza, bandika tepu kuvuka mstari uliokwisha kukatwa, vinginevyo kipande kinaning'inia kwa uzito wake na inchi ya mwisho inachanika na kuingia kwenye rangi.

Hapa sasa ndipo wengi hufanya haraka. Ukichungulia kwenye ukingo wa tundu utaona bati, povu au uwazi, kisha plaiwudi. Ringi ikibana hapo, inaviminya vyote vikutane na bati la nje linabonyea. Chimba povu kiasi cha upana wa vidole viwili kuzunguka tundu zima, ingiza vipande vya mbao kavu vyenye unene sawasawa na uwazi, gundi ya epoksi pande zote mbili, bana kwa klempu, lala usingizi. Mbao ikizidi unene kidogo tu, bati litavimba na utaliona kila jua likipiga ubavuni. Ikipungua, haina kazi. Itembeze kwenye msasa mpaka iingie kwa kusukuma kwa kidole. Hii fremu ya mbao ndiyo inayorudisha nguvu uliyoitoa mlangoni.

Kingo pitisha tupa. Unga wa chuma na alumini ufagie wote, hasa kama uligusa chuma, maana vile vichembe vikilowa vinatoa kutu juu ya rangi.

---

Nahodha_Shela

Bwana Bati, umemaliza mbao, tuelezee maji. Tela linakwenda maili 65 kwa saa kwenye mvua, hiyo siyo mvua tena, ni bomba.

---

Bati_Geji30

Naam. Utepe wa butili, ule wa kijivu unaonata na haugandi. Unauzungusha kwenye ukingo wa fremu upande unaogusa bati, hauvutwi wakati wa kubandika, na kiungo chake kiwe chini, kamwe kisiwe juu. Pachika fremu, mwenzako aishike kutokea nje, wewe ndani unakaza skrubu kwa bisibisi ya mkono. Anza katikati ya upande mmoja, nenda upande wa pili unaotazamana nao, kama unavyokaza nati za tairi. Drili ya kukazia iache kwenye boksi, ringi inapasuka au uzi wa skrubu unaliwa. Butili itatoka pembeni kidogo kidogo. Kesho yake rudi ukaze tena, maana inakuwa imelala. Ziada ikate kwa kipande cha mbao au plastiki.

Silikoni, tafadhali, hapana. Leo inazuia maji vizuri, lakini siku utakayotaka kulitoa dirisha, hakuna kitakachoshika tena kwenye bati lile mpaka uikwangue yote, na haikwanguki yote.

Vile vitundu vya chini ya fremu usivizibe. Ndipo maji yanayoingia kwenye njia ya kioo yanapotokea. Watu huviona, hudhani ni kasoro, huvijaza gundi, kisha huja hapa kuuliza maji yanatoka wapi.

Na kama kioo kinateleza kwa upande, nusu inayofunguka iwe ya upande wa nyuma wa tela, ile nusu ya mbele iliyotulia ndiyo ipokee upepo.

---

Nahodha_Shela

Hapo umesema. Kwetu Lamu jahazi linatiwa kalafati, pamba yenye mafuta inagongwa katikati ya mbao. Maji yanakaa nje kwa sababu kitu laini kimebanwa, siyo kwa sababu kitu kigumu kimepakwa juu. Silikoni juu ya ukingo ni ya kupaka.

---

kijana_wa_Louisville

Samahani kuingilia. Kwa nini asinunue tu mlango mzima wenye dirisha tayari? Wanauza.

---

Bati_Geji30

Wanauza, na kama mlango wake ungekuwa umeoza ningemwambia hivyo. Ila milango hii hailingani. Upana wa 32 siyo upana wa 32: mwingine wamepima mlango, mwingine wamepima tundu, kona za mwingine ni za duara. Usafiri wa mlango peke yake unaweza kuzidi bei ya dirisha. Ukiwa karibu na kiwanda, nenda na vipimo vyako ukauchukue mwenyewe. Ukiwa mbali, kata.

---

Mkwavi_Iowa

Wakuu nimerudi. Dirisha limekaa.

Sumaku ilinionyesha bomba la chuma linalokatiza mlango juu kidogo ya kitasa, ambalo sikulitegemea kabisa. Nimepandisha dirisha likakaa juu yake, na imekuwa afadhali, maana mkono kutoka nje haufiki kitasani hata ukijinyoosha, nimejaribu na jamaa yangu mwenye mikono mirefu. Vipande vya mbao nimetumia mwerezi, vikakubali kwenye msasa bila shida. Komeo la fimbo limeng'oka, matundu yake nimeyaziba kwa riveti na butili, kitasa cha pili kipo.

Nimepiga maji ya mpira nikianzia chini nikipanda taratibu, jamaa yuko ndani na tochi. Kavu. Kisha tukaenda nalo barabarani kwenye mvua, tukakuta pakavu pia.

Mwanga umebadilisha kila kitu, sasa naona hata rangi zilizomwagika sakafuni.

Swali la mwisho: asubuhi nakuta fremu ya alumini kwa ndani inatoka jasho, matone yanatiririka mpaka kwenye mbao. Hiyo ni kuvuja?

---

mama_saluni_TX

Hiyo ni pumzi zenu wawili. Alumini inashika baridi ya nje, mvuke wa ndani unagandia hapo. Kwa Iowa ikifika Januari utaiona barafu kwa ndani. Acha feni ya paa wazi kidogo usiku na dirisha lipenye kidole kimoja, hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Na kama mnatumia hita ya gesi humo, kifaa cha kunusa gesi ya kaboni monoksaidi kiwepo, hili halina mjadala.

---

Msee_wa_Duluth

Ile kipande ulikata kwa mlango bado unayo ama ulitupa?

---

Mkwavi_Iowa

Ipo gereji. Kwani?

---

Msee_wa_Duluth

Usitupe buda. Ibandike foam upande wa ndani na sumaku nne kwa kona. Fremu ni alumini, haishiki sumaku, so kwa kila kona unaweka kipande kidogo cha chuma na gluu. Usiku unafunika dirisha, unaacha tu ule upenyo wa hewa, baridi inapungua na hakuna mtu anakuchungulia ukilala kwa parking ya supermarket ya Walmart. Ukitaka kuitoa unaivuta tu, haina kufuli.